Uzamili wa mitaala na ufundishaji kwa shule za Kikristo

Uzamili wa mitaala na ufundishaji kwa shule za Kikristo ni masomo ya chuo kikuu yanayofuata shahada ya kwanza. Humwandaa mwalimu kupanga yale yanayofundishwa shuleni, namna ya kuyafundisha na namna ya kupima kama wanafunzi wameyaelewa, katika shule inayoendeshwa kwa misingi ya imani ya Kikristo. Masomo haya yameenea hasa Marekani na Kanada, ambako shule za aina hiyo ni nyingi na kwa kawaida hujichagulia vitabu na mitaala. Mhitimu hupata shahada ya uzamili katika elimu, na wachache huendelea hadi uzamivu.

Masomo haya ni tofauti na teolojia, na hayamwandai mtu kufundisha somo la dini. Wengi wanaoyasoma ni walimu wa hisabati, sayansi, lugha, historia au madarasa ya awali. Swali linalowaunganisha ni hili: imani ya shule inaonekana wapi ndani ya somo lenyewe, mbali na sala ya asubuhi na msalaba ukutani?

## Asili ya fani ya mitaala

Fani ya mitaala ilikua Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. John Dewey aliandika *The Child and the Curriculum* mwaka 1902, akipinga kutenganisha uzoefu wa mtoto na maarifa yaliyopangwa katika masomo. Franklin Bobbitt wa Chuo Kikuu cha Chicago alitoa *The Curriculum* mwaka 1918. Yeye alitaka kwanza zichunguzwe shughuli za watu wazima, kisha watoto wafundishwe kile kitakachowawezesha kuzifanya.

Mwaka 1949 Ralph Tyler, naye wa Chicago, alichapisha *Basic Principles of Curriculum and Instruction*. Kitabu hicho kidogo kimejengwa juu ya maswali manne:

* Shule inataka kufikia malengo gani?
* Ni uzoefu gani wa kujifunza unaoweza kuyafikisha malengo hayo?
* Uzoefu huo upangwe vipi ili uwe na manufaa?
* Itajulikanaje kwamba malengo yamefikiwa?

Tyler alieleza pia kwamba malengo yanayopendekezwa ni mengi kuliko muda wa shule, hivyo lazima yachujwe. Mojawapo ya vichujio alivyovitaja ni falsafa ya shule, yaani kile ambacho shule inaamini kuhusu maisha mema na jamii njema. Hapo ndipo fani hii inapokutana na shule za Kikristo: imani ya shule inaweza kutumika kama kichujio cha malengo.

Waliofuata walipanua kazi hiyo. Benjamin Bloom na wenzake walipanga ngazi za malengo ya kufikiri mwaka 1956. Hilda Taba, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alitaka mtaala uanze kujengwa na walimu wenyewe badala ya kushushwa kutoka ofisini. Philip Jackson, mwaka 1968, alieleza habari za mtaala fiche, yaani mambo ambayo mtoto hujifunza kutokana na taratibu za shule bila mtu kumfundisha. Elliot Eisner aliongeza mwaka 1979 kwamba hata mambo ambayo shule haiyafundishi kabisa yana athari kwa wanafunzi.

## Shule za Kikristo Marekani

Shule za Kikristo za Marekani zina mizizi mbalimbali.

Wakatoliki: Mtaguso wa Tatu wa Baltimore, uliofanyika mwaka 1884, uliagiza kila parokia iwe na shule. Kwa miongo mingi walimu walikuwa hasa masista. Baada ya miaka ya 1960 idadi ya watawa ilipungua sana, na leo karibu walimu wote ni walei. Jambo hilo lilileta hitaji jipya: malezi ambayo sista aliyapata utawani, mlei alipaswa kuyapata mahali pengine.

Wakalvini wenye asili ya Uholanzi: Wahamiaji hao walijenga shule zinazoongozwa na wazazi, hasa Michigan na Iowa. Waliathiriwa na mawazo ya Abraham Kuyper, mwanzilishi wa Vrije Universiteit ya Amsterdam (1880), aliyefundisha kwamba hakuna eneo la maisha lililo nje ya utawala wa Kristo. Mwaka 1920 shule zao ziliunda umoja ulioitwa National Union of Christian Schools, ambao baadaye ulibadilishwa jina kuwa Christian Schools International.

Wainjili: Shule zao ziliongezeka haraka katika miaka ya 1960 na 1970. Sababu mojawapo ilikuwa hukumu za Mahakama Kuu ya Marekani za mwaka 1962 na 1963 zilizokataza shule za umma kuendesha sala na usomaji wa Biblia kama ibada. Mwaka 1978 vyama kadhaa viliungana na kuunda Association of Christian Schools International (ACSI), ambayo hutoa ithibati kwa shule na vyeti kwa walimu.

Waadventista Wasabato nao wana mtandao wa shule ulioenea katika nchi nyingi, kuanzia shule za msingi hadi vyuo vikuu.

Haki ya shule hizi kuwepo ilithibitishwa mwaka 1925 katika kesi ya Pierce dhidi ya Society of Sisters. Mahakama Kuu ilibatilisha sheria ya jimbo la Oregon iliyotaka karibu watoto wote wasome shule za umma.

## Vyuo

Calvin University, iliyoko Grand Rapids, Michigan, na Dordt University, iliyoko Sioux Center, Iowa, ni vyuo vya mapokeo ya Kikalvini vilivyotoa uzamili katika mitaala na ufundishaji. Andrews University ya Berrien Springs, Michigan, ni chuo cha Waadventista ambacho kimefundisha fani hii hadi ngazi ya uzamivu.

Kwa upande wa Wakatoliki, University of Notre Dame huendesha Alliance for Catholic Education, mpango ulioanza miaka ya 1990. Walimu vijana hufundisha miaka miwili katika shule za Kikatoliki, huishi pamoja katika jumuiya na hutunukiwa shahada ya uzamili katika elimu.

## Masomo

Kwa kawaida uzamili huu una krediti 30 hadi 36. Wanafunzi wengi wameajiriwa, hivyo husoma jioni, kwa intaneti au wakati wa likizo ndefu ya majira ya joto, na huchukua miaka miwili au mitatu kumaliza. Darasa lao la kila siku hutumika kama mahali pa kufanyia majaribio ya yale wanayojifunza.

### Nadharia na upangaji wa mitaala

Mwanafunzi husoma historia ya mitaala, kisha hupanga mada nzima kwa ajili ya darasa lake. Njia inayotumika sana ni ile ya Grant Wiggins na Jay McTighe, iliyotolewa mwaka 1998: mwalimu huanza kwa kuamua wanafunzi waelewe nini mwishoni, kisha huamua ushahidi wa uelewa huo utakuwa upi, na mwisho ndipo huandaa vipindi.

### Mbinu za ufundishaji

Hapa hufundishwa namna ya kuuliza maswali, kuongoza majadiliano, kufundisha darasa lenye watoto wa uwezo tofauti na kuwasaidia wenye mahitaji maalumu. Sehemu hii kubwa haitofautiani na ile ya vyuo vya umma. Mtoto asiyeweza kusoma anahitaji mwalimu anayejua namna watoto wanavyojifunza kusoma, na nia njema peke yake haitoshi.

### Upimaji na tathmini

Mwalimu hujifunza kutunga mitihani, kusoma takwimu za matokeo na kutoa mrejesho. Mtaala fiche huonekana wazi hapa. Shule inaweza kufundisha kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, huku ikibandika ukutani majina ya watoto kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mtoto wa mwisho hujifunza kutoka kwenye orodha hiyo pia, na huenda akaikumbuka kuliko somo.

### Utafiti

Masomo mengi humalizika kwa tasnifu, mradi wa mtaala au utafiti tendaji. Katika utafiti tendaji mwalimu huchagua tatizo la darasa lake, hubadilisha jambo moja, hukusanya ushahidi na kuandika alichokiona.

## Imani na somo

Wataalamu wa elimu ya Kikristo hawakubaliani kuhusu namna imani inavyoingia katika somo.

Frank Gaebelein, katika *The Pattern of God's Truth* (1954), alifundisha kwamba ukweli wote ni wa Mungu, hivyo hakuna somo la kidunia na somo takatifu. Kazi ya mwalimu ni kuonyesha umoja huo. Nicholas Wolterstorff, mwanafalsafa aliyefundisha Calvin na baadaye Yale, alihoji kama kuwapa wanafunzi mtazamo sahihi kunatosha. Kwake lengo la elimu ni *shalom*, yaani amani yenye haki ndani yake, na shule inapimwa kwa namna wahitimu wake wanavyotenda. Harro Van Brummelen, aliyefundisha Trinity Western University nchini Kanada, aliwaandikia walimu miongozo ya kupanga mada kwa mtazamo huo. James K. A. Smith, katika *Desiring the Kingdom* (2009), alisema kwamba mtu huongozwa na kile anachokipenda kabla ya kile anachokijua, na kwamba mapenzi hayo hujengwa na mazoea.

David I. Smith wa Calvin aliupeleka mjadala kwenye mbinu za darasani. Pamoja na Barbara Carvill aliandika *The Gift of the Stranger* (2000) kuhusu kufundisha lugha za kigeni. Vitabu vingi vya lugha humwandaa mwanafunzi kuwa mtalii: kuagiza chakula, kununua tiketi, kuuliza bei. Waandishi hao walipendekeza mwanafunzi aandaliwe kuwa mgeni mwema ugenini na mwenyeji mkarimu nyumbani, awe tayari kusikiliza habari za maisha ya wenye lugha, pamoja na huzuni zao. Sarufi haibadiliki, bali hubadilika mazungumzo yanayochaguliwa kwa ajili ya mazoezi.

Hisabati hutoa mfano mwingine. Mkopo wa dola 1,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ukihesabiwa kwa riba mkusanyiko, hufikia dola 1,331 baada ya miaka mitatu. Jibu hilo ni lilelile kwa kila mtu, awe na dini au asiwe nayo. Lakini mwalimu anaweza kuuliza tu faida ya mkopeshaji, au akauliza pia mkopaji atabaki na nini. Uchaguzi wa swali ni sehemu ya mtaala.

## Ithibati na leseni

Marekani ina mambo matatu yanayochanganywa mara nyingi. Ithibati ya chuo huonyesha kwamba shahada inatambulika. Calvin na Dordt, kwa mfano, zina ithibati ya Higher Learning Commission. Leseni ya ualimu hutolewa na jimbo. Cheti cha chama kama ACSI hutambuliwa na shule zinazokihitaji.

Majimbo mengi hayailazimishi shule binafsi kuajiri walimu wenye leseni. Kwa hiyo mwalimu anaweza kufundisha miaka mingi na kupata uzamili bila leseni, kisha akakwama anapotaka kuhamia shule ya umma. Uzamili wa mitaala kwa kawaida ni kwa walimu waliokwisha kuhitimu ualimu, na mara nyingi hautoi leseni ya kwanza. Suala la gharama pia ni zito, kwa kuwa walimu wa shule binafsi za Marekani kwa wastani hulipwa chini ya wenzao wa shule za umma.

## Ukosoaji

Wakosoaji wengine huona kwamba mistari ya Biblia inaweza kubandikwa juu ya somo lililoandaliwa vibaya, na imani ikawa pazia la uvivu. Wengine huhofia kinyume chake: kwamba chuo hufundisha nadharia zilezile za vyuo vya umma na kuongeza sala mwanzoni mwa kipindi. Ufundishaji wa mageuko ya viumbe unaendelea kuleta mabishano.

Historia nayo ina doa. Baada ya hukumu ya mwaka 1954 iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma, baadhi ya shule binafsi za kusini mwa Marekani zilifunguliwa ili watoto weupe wasisome pamoja na weusi, na nyingine zilijiita za Kikristo. Mwaka 1976 Mahakama Kuu iliamua kwamba shule binafsi haziruhusiwi kuwakataa wanafunzi kwa sababu ya rangi yao.

## Afrika Mashariki

Hali ya Kenya na Tanzania ni tofauti. Mitaala ya taifa huandaliwa na taasisi za serikali: KICD nchini Kenya na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Nchini Kenya, shule nyingi zilizoanzishwa na wamisionari zilikuja kuwa za umma, na makanisa yakabaki wadhamini. Nchini Tanzania, shule za makanisa zilitaifishwa baada ya Azimio la Arusha, na baadaye makanisa yakafungua nyingine.

Kwa hiyo mwalimu wa shule ya kanisa inayofuata mtaala wa taifa hana uhuru wa kuchagua muhtasari wa somo. Uhuru wake umo katika azimio la kazi, andalio la somo, mifano, maswali, upimaji na namna anavyomtendea mtoto anayeshindwa. Mitaala inayojali umahiri, iliyoanza kutumika Kenya katika miaka ya 2010 na kuboreshwa Tanzania kuanzia Januari 2024, imempa nafasi zaidi katika mambo hayo.

Vyuo vikuu vya makanisa vinavyofundisha elimu katika eneo hili ni pamoja na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki jijini Nairobi, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki Baraton cha Waadventista, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Tanzania jijini Mwanza. Anayesoma nje ya nchi, hata kwa intaneti, huhitaji shahada yake itambuliwe nyumbani. Nchini Tanzania kazi hiyo ni ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU).

## Tazama pia

* Elimu
* Mtaala
* Ualimu
* John Dewey
* Elimu ya kujitegemea