Sura ya 5: Mzigo Ukae Wapi?

Viazi, kabichi na maharagwe yanayouzwa Butembo hutoka kwenye vilima vya Lubero na Bashu, na mengi hubebwa na mtu kabla ya kupakiwa kwenye pikipiki au lori. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke. Mzigo umekaa mgongoni, ndani ya kitunga au gunia, na uzito wake umeshikwa na mkanda mmoja unaopita juu ya kichwa, karibu na paji la uso. Mikono iko huru. Mmoja unashika fimbo, na mwingine, ikiwa kuna mtoto, unamwegemeza kifuani alikofungwa kwa kikwembe. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam, aliyezoea kuona ndoo na tenga vikitulia juu ya ngata, hujiuliza kwa nini watu wa milima hii hawabebi kichwani.

Hapa pia kichwa ndicho kinachobeba, ila mzigo wenyewe umehamia nyuma, na uhamisho huo umeamuliwa na ardhi. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Beni, kilomita zipatazo 50 kuelekea kaskazini, iko chini yake kwa takriban nusu kilomita. Ukitoka Beni kwenda mashariki unateremka kwenye bonde la mto Semliki, kisha unakutana na Rwenzori inayopanda hadi mita 5,109. Ukienda magharibi unaingia msitu wa Ituri. Katika eneo hili lote huwezi kuuliza mbebeo gani ni bora bila kusema kwanza unapita wapi, na kipande kibaya kuliko vyote cha njia ndicho chenye kauli ya mwisho.

Ramani ya Afrika Mashariki inaonyesha jambo hilo. Pwani, ambako njia ni ya mchanga na tambarare, mzigo hukaa juu ya kichwa. Katika misafara ya karne ya 19, wapagazi wa pwani walibeba kichwani, na Wanyamwezi wengi walipendelea bega. Shehena ya kawaida ilikuwa kama kilo 30, mbali na chakula na mkeka wa mpagazi mwenyewe. Methali inayosema mzigo mzito mpe Mnyamwezi imesifu nguvu zake na kusahau ufundi wake. Wajaluo wa nyanda za ziwa wanabeba kichwani. Panda hadi kwenye matuta ya Wakikuyu, na utakuta mzigo umehamia mgongoni, ukiningʼinia kwenye mukwa, mkanda wa ngozi unaopita kichwani. Wanande wa Butembo na Beni wako upande huo wa ramani, pamoja na Washi wa Kivu ya Kusini, na mbali kabisa na hapa, wapagazi wa Nepal.

Tofauti hii iliwavutia wanasayansi mapema. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa G. M. O. Maloiy wa Nairobi na wenzake, akiwemo C. Richard Taylor wa Harvard. Walipima oksijeni iliyotumiwa na wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu walipokuwa wakitembea na mizigo, kila mmoja akibeba kwa desturi ya kwao. Ikaonekana kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza chochote kwenye oksijeni waliyotumia. Mwanamke wa kilo 60 alibeba kilo 12 kana kwamba hana kitu. Kupita hapo gharama ilianza kupanda kulingana na uzito. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza sababu mojawapo: mwili wa mtembeaji hupanda na kushuka kidogo kwa kila hatua kama timazi inayoyumba, na wanawake hao, wakishabeba, hupoteza nguvu pungufu katika kuyumba huko kuliko watu wasiozoea.

Wanaonukuu utafiti ule wa 1986 hupenda kuutumia kusifu kubeba kichwani. Wanasahau kwamba baadhi ya wanawake wale hawakuwa na kitu juu ya utosi, na Wakikuyu na mikanda yao walipata nafuu ileile. Kinachofanana baina ya makundi mawili ni kwamba uzito uliteremka kupitia uti wa mgongo badala ya kuvuta mabega, na kwamba walianza kubeba tangu utotoni. Hilo la pili lina uzito zaidi ya watu wanavyopenda kukiri. Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini na hawakuona kwamba kubeba kichwani ni rahisi kwa jumla kuliko kubeba mkoba wa mgongoni. Wengine walinufaika, wengine hapana, na maumivu ya shingo yalikuwapo.

Mfano ulio karibu zaidi na Butembo kwa umbo la ardhi ni ule wa Nepal. Guillaume Bastien na wenzake, mwaka 2005, waliwapima wapagazi wanaopeleka bidhaa Namche, chini ya Everest: safari ya kilomita 100 hivi, siku saba hadi tisa, yenye jumla ya mita zaidi ya 8,000 za kupanda. Wanaume walibeba kwa wastani asilimia 93 ya uzito wao, wanawake asilimia 66, na mmoja alikutwa na asilimia 183. Wote walitumia kikapu kiitwacho doko, chembamba chini na kipana juu, na mkanda wa kichwani uitwao namlo. Siri yao nyingine haionekani kwenye kikapu: walikwenda polepole, wakipumzika mara kwa mara, mzigo ukiegemezwa juu ya fimbo fupi yenye kichwa kama herufi T ili wasilazimike kuushusha na kuunyanyua upya. Mlimani hakuna mkanda unaofuta gharama ya kupandisha kilo 30 kwenda juu. Misuli itailipa yote, hivyo aliye na busara hupunguza mwendo kabla ya kupunguza mzigo.

Sasa tuangalie mteremko wenyewe. Anayebeba kichwani lazima awe wima, kwa sababu akiinama ndoo inaondoka. Kwenye kilima chenye matope ya mvua mwili unataka kuinama kupanda, na macho yanataka kuangalia mguu unakokwenda kukanyaga. Mkanda unaruhusu yote mawili. Unaruhusu pia kupita chini ya migomba na matawi. Tena una faida ambayo hakuna duka la mikoba linaloitangaza: mtu akiteleza, akiinua tu kichwa au akiuvuta mkanda kwa mkono mmoja, mzigo unaanguka peke yake na yeye anabaki. Katika wilaya ya Beni, ambako tangu Oktoba 2014 wakulima wameuawa kwa wingi mashambani na njiani, uwezo wa kuacha mzigo mara moja na kukimbia ni jambo zito. Mkoba wenye vifungo vitatu unamfunga mwenye nao.

Ndani ya msitu, upande wa Mambasa na Epulu, mkanda huohuo hubeba nyama. Wambuti wanaowinda kwa nyavu hukata mnyama palepale alipouawa, na wanawake huziweka nyama vitungani na kuzirudisha kambini kwa mkanda wa kichwani. Mboloko, paa mdogo wa kilo nne hadi sita, haleti shida kwa mtu yeyote. Mnyama mkubwa hugawanywa, kwa sababu mzigo uliokatwa vipande hukaa karibu na mgongo, na mzigo mzima unaoningʼinia huyumba na kumvuta mbebaji kila anapogeuka. (Hapa nazungumzia wanyama wanaoruhusiwa. Okapi analindwa, na ndani ya Hifadhi ya Virunga hakuna uwindaji.)

Ukaribu huo na mgongo ndio hesabu muhimu kuliko zote katika sura hii. Mzigo wa kilo 30 ambao kitovu chake cha uzito kiko sentimita 25 nyuma ya uti wa mgongo unaukunja mgongo kwa nguvu ileile ya mzigo wa kilo 50 ulio sentimita 15. Zidisha mwenyewe: 30 mara 25, na 50 mara 15, jibu ni 750 kote. Kwa hiyo mtu aliyepanga vibaya anabeba, kwa hesabu ya mgongo, kilo 20 ambazo hazipo kwenye mizani. Ndiyo sababu gunia la mihogo hupigwapigwa kabla ya kufungwa: upande bapa uelekee mgongoni, vitu vizito ndani, vyepesi nje.

Wawindaji wa Marekani wanaijua shida hii kwa njia yao. Huko mwindaji wa paa wenye pembe za matawi hupanda mti na kiti cha chuma au aluminiamu, akakaa juu mita kadhaa akisubiri, na kiti hicho sharti akibebe mwenyewe hadi msituni. Si kizito sana, pengine kilo tano hadi kumi. Ubaya wake ni umbo: kigumu, kipana, chenye pembe zinazonasa matawi na vyuma vinavyogongana na kumtahadharisha mnyama. Mikanda miembamba inayokuja nacho huyakata mabega, na wengi huishia kukifunga kwenye fremu ya mkoba yenye mkanda wa kiunoni. Yeyote aliyewahi kupandisha mabati au kitanda cha mbao kwenye njia za Kyondo angewaelewa bila mkalimani. Kitu kigumu kisichojipinda kulingana na mgongo kinahitaji kitu laini katikati, na kifungwe mahali pasipopungua pawili ili kisizunguke.

Mkanda wa kiunoni ni ufundi wa karne iliyopita. Dick Kelty wa California alianza kuuza mikoba ya fremu ya aluminiamu mwaka 1952, na mikoba ya aina yake ikaeneza wazo la kuhamishia uzito kwenye nyonga, mifupa imara kuliko mabega. Wapandaji wa Rwenzori wanaoanzia Mutwanga huja na mikoba hiyo. Ni mizuri kwa mtu ambaye hakukua na mkanda kichwani, kwa mzigo usiobadilika na safari ya siku nyingi. Haifai kwa mzigo unaoshushwa kila nusu saa, haiingizi bidoni la maji la lita 20, na ikichanika, si rahisi kuirekebisha kijijini. Mkanda wa kichwani unatengenezwa kwa gamba la mti, kitambaa cha zamani au mpira wa ndani wa tairi. Yvon Chouinard, mpanda milima aliyeanzisha kampuni ya Patagonia, aliugeukia mkanda wa kichwani kwa sababu ya mgongo wake mbovu na akawa mtetezi wake. Simwoni kama ushahidi wa kisayansi, ila inapendeza kuona nani kamfundisha nani.

Anayetaka kujaribu asifuate picha. Katika picha mkanda huonekana uko kwenye paji la uso, lakini ukikaa chini hivyo unavuta kichwa nyuma na shingo inapigana nao njia nzima. Usogeze juu, zinapoanzia nywele au nyuma kidogo ya hapo, uzito ushuke kuelekea shingo iliyonyooka. Mkanda uwe na upana wa vidole vitatu au vinne, maana kamba tupu inachimba ngozi. Urefu wake upimwe ili kitako cha kitunga kikae juu ya nyonga. Ukiwa mrefu, mzigo unapiga makalio kila hatua. Mtu mzima aanze na kilo tano au sita, kwa majuma, kwa sababu misuli ya shingo haijengwi kwa ujasiri.

Kubeba kwa mkanda wa bega moja ndiko kubaya kuliko kote, na bado taasisi hupenda namna hiyo. Visanduku baridi vya chanjo kwa kawaida vina mkanda mmoja wa begani. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 baada ya kugunduliwa Mangina karibu na Beni, chanjo yenyewe ilipaswa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Teknolojia ya kuipoza ilikuwa ya hali ya juu, lakini kisanduku cha begani kinampinda mhudumu upande mmoja. Kukiongezea mkanda wa pili kusingegharimu chochote cha maana.

Njia ikishakuwa pana, mwili wa mtu uondoke kabisa chini ya mzigo. Hapo ndipo chukudu inapoingia, baiskeli ya mbao isiyo na pedali iliyozaliwa Kivu ya Kaskazini, yenye magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi. Mjini Goma imejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Kwenye mteremko hubeba mamia ya kilo, mwenye nayo akipiga goti juu ya ubao. Kwenye kupanda, yeye na wenzake huisukuma. Nimeona watu wakiisifu chukudu kama ushindi juu ya umaskini, na ni kweli ni kazi ya akili. Tatizo ni kwamba chukudu ina dereva mwanaume na wateja wa barabarani, na kilomita za juu, zile za utelezi ambako gurudumu halipiti, zimeachwa kwenye shingo za wanawake. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo wa mwanaume mzima usizidi kilo 55 na wa mwanamke uwe mdogo kuliko huo kwa kiasi kikubwa. Gunia lililoshindiliwa hadi mdomo halijui hilo.

Hivyo mazao ya juu ya Butembo hubadilisha mbebeo mara mbili au tatu: mkanda hadi barabarani, pikipiki au chukudu hadi sokoni, mabega ya vijana hadi kwenye lori. Gunia la kilo 80 linafaa lori tu. Likigawanywa katika vifurushi vya kilo 25, kila kimoja kimefungwa kwa kamba yenye vitanzi viwili pembeni, mkanda unaingia kwenye vitanzi hivyo, pikipiki inachukua vitatu vikifungwa kwa vitanzi hivyohivyo, na hakuna anayelazimika kufungua na kupanga upya kwenye mvua. Mnunuzi anayelipa kwa gunia atanungʼunika, kwa kuwa gunia linalojazwa hadi kuvimba ndilo faida yake. Basi auze na anunue kwa mizani.