Mitandao ya Kijamii: Namna Mwananchi Anavyoweza Kuitumia Kupata Wateja na Ajira Bila Kutapeliwa

Mshonaji aliyeweka cherehani yake kwenye kibaraza karibu na gulio huonwa na watu wanaopita hapo siku ya soko. Picha ya gauni alilolishona, ikiwekwa vizuri mtandaoni, huweza kuonwa na watu wa kata nyingine, wa makao makuu ya wilaya na hata wa mkoa jirani, siku zote saba za wiki. Hata hivyo, simu inayomletea mshonaji huyo wateja ndiyo pia inayotumiwa na matapeli kuwapora vijana nauli na akiba zao. Kwa sababu hiyo, matumizi ya mitandao ya kijamii ni stadi inayopaswa kujifunzwa kama stadi nyingine yoyote ya kujipatia kipato.

Kutangaza bidhaa na huduma

Hatua ya kwanza ni utambulisho ulio wazi. Programu ya WhatsApp Business, iliyoanza kutumika mwaka 2018, hupatikana bila malipo. Humwezesha mfanyabiashara kuonyesha jina la biashara, mahali ilipo, saa za kazi, pamoja na orodha ya bidhaa zenye picha na bei. Ni vyema namba ya biashara ikatenganishwa na namba ya familia, ili oda za wateja zisipotee katikati ya salamu za ndugu.

Hatua ya pili ni ukweli wa tangazo. Picha ipigwe kwenye mwanga wa mchana, ikionyesha bidhaa halisi iliyopo, wala si picha iliyochukuliwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Mteja anayepokea kiatu kisichofanana na alichokiona hurudisha kiatu, na huwaonya wenzake pia. Bei nayo iandikwe. Baadhi ya wauzaji huficha bei na kumtaka mteja aulize faraghani; wateja wengi hawaulizi, bali huenda kwa muuzaji mwingine.

Hatua ya tatu ni kujibu kwa wakati na kutimiza ahadi. Mzigo unaosafirishwa kwa basi uambatane na picha ya stakabadhi, jina la basi na muda wa kufika. Malipo yanapofanyika kwa Lipa Namba au kwa simu, muuzaji ahakiki salio lake kabla ya kukabidhi bidhaa. Ujumbe mfupi unaosema fedha zimeingia si uthibitisho wa kutosha, kwa kuwa ujumbe wa namna hiyo hughushiwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa vikundi vinavyonufaika na mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopo huo hurejeshwa, na marejesho hutoka kwenye mauzo. Kikundi kinachotengeneza sabuni mia mbili kwa mwezi huku kikiwategemea majirani peke yao hujikuta na bohari iliyojaa na deni lisilopungua. Kikundi kilichojijengea wateja nje ya kijiji kabla ya kuongeza uzalishaji huwa na nafasi nzuri zaidi ya kurejesha kwa wakati, na fedha hizo zikawafikia wengine wanaosubiri.

Kutafuta ajira na kujenga mahusiano ya kikazi

Fundi aliyehitimu chuo cha ufundi anaweza kuufanya ukurasa wake kuwa ushahidi wa kazi. Picha ya ukuta kabla na baada ya kupigwa lipu, au ya mfumo wa umeme aliousuka, humweleza mwajiri mambo ambayo cheti peke yake hakiwezi kuyaeleza. Kwa wenye taaluma, mtandao wa LinkedIn hutumika kuweka wasifu, elimu na uzoefu, na kufahamiana na watu wa fani moja. Anayemwandikia mtu asiyemfahamu ajitambulishe kwa jina na fani, aeleze haja yake kwa sentensi chache, na asianze kwa kuomba kazi. Mwajiri naye huweza kupitia kurasa za mwombaji. Matusi yaliyoandikwa kwa hasira miaka miwili iliyopita bado husomeka.

Kwa ajira za serikali, mitandao ya kijamii ni mahali pa kusikia habari tu. Maombi ya nafasi zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutumwa kupitia mfumo wake wa Ajira Portal, na mwombaji hahitajiki kulipa ada. Mwombaji anapaswa kuwa na namba ya kitambulisho cha Taifa na vyeti kamili, kwa kuwa hati za matokeo ya muda hazikubaliwi. Inafaa maandalizi hayo yafanyike mapema, kwani wengi hukosa nafasi kwa kusubiri siku ya mwisho.

Kujikinga na utapeli

Tangazo la kazi linalodai fedha ya fomu, ya sare, ya mafunzo au ya kupimwa afya kabla ya usaili lichukuliwe kuwa la kitapeli hadi litakapothibitishwa na ofisi inayotajwa. Vivyo hivyo kwa mtu anayejiita wakala wa ajira serikalini. Mwananchi asimpe mtu yeyote tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwenye simu yake, hata kama anayeziomba anatumia jina na picha ya ndugu. Kwa tarakimu hizo akaunti huhamishwa, kisha wateja wote huombwa fedha kwa jina la mwenye biashara. Kinga ni kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti.

Namba za matapeli ziripotiwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Aidha, kwa kupiga *106# mwananchi huweza kuhakiki laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua udanganyifu wa mtandaoni na usambazaji wa taarifa za uongo kuwa ni makosa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za watu. Hivyo, mfanyabiashara anayetaka kutumia picha ya mteja kwenye tangazo aombe ridhaa yake kwanza.

Pa kuanzia

Mwananchi ambaye hajawahi kutangaza biashara yake anaweza kuanza na bidhaa moja, picha tatu, bei na namba ya simu, kisha akajibu kila anayeuliza. Wenye kuhitaji maelezo kuhusu vikundi na mikopo wanashauriwa kufika kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Aliyetapeliwa atoe taarifa mapema kwenye kituo cha polisi na kwa kampuni ya simu, akiwa na ujumbe wote alioupokea. Ujumbe huo usifutwe, kwani ndio ushahidi.