Amin yupi, msitu upi? Ubishi wa filamu bora, Nyakalengija hadi Bwera

Joseph Olita au Forest Whitaker? Kwa mtu wa makamo aliyekulia Uganda, swali hilo halihitaji maelezo. Wote wawili waliigiza Idi Amin. Olita, Mkenya, alifanya hivyo mwaka 1981 katika filamu ya Sharad Patel, Rise and Fall of Idi Amin, kisha akarudi katika nafasi hiyo hiyo miaka 10 baadaye, kwa muda mfupi tu, katika Mississippi Masala. Whitaker, Mmarekani, alikuja Uganda kupiga The Last King of Scotland iliyotoka mwaka 2006, na mwaka uliofuata akatwaa Oscar ya mwigizaji bora.

Lirushe swali hilo Nyakalengija, pale wapagazi na waongozaji wa mlima wanaposubiri wageni wa Rwenzori, na kambi mbili zitajipanga kabla chai haijapoa. Upande wa Olita una hoja moja nzito: sura. Mwili, mabega, macho, hata namna ya kuvaa nishani, ni kama Amin mwenyewe amerudi. Upande wa Whitaker unategemea uigizaji. Alijifunza Kiswahili, akausoma mwenendo wa mtu huyo, akaonyesha jambo ambalo filamu ya 1981 haikulijali, kwamba Amin alijua kuchekesha, na kwamba wapo waliomshangilia kabla ya kumwogopa. Patel alimfanya zimwi, na vichwa vya watu ndani ya jokofu havimwachii mtazamaji nafasi ya kufikiri.

Kwa uigizaji Whitaker anashinda, na anayekataa anatetea utoto wake. Lakini filamu ipi iingie kwenye orodha ya filamu bora za wakati wote ni swali jingine. The Last King of Scotland inamfuata daktari kijana wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, mtu ambaye hakuwahi kuishi. Alizaliwa katika riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Waganda wanakufa nyuma yake, na mtazamaji anatakiwa ashike roho kama Mskoti huyo atapata ndege ya kuondoka Entebbe. Hapo ndipo ubishi wa kweli unapoanza: filamu ni ya nani, na nani anayehesabu?

Duniani wanaohesabu wanajulikana. Jarida la Uingereza, Sight and Sound, limekuwa likiwaomba wahakiki wapige kura kila baada ya miaka 10 tangu 1952. Citizen Kane ilikaa kileleni kuanzia 1962 hadi ilipoangushwa na Vertigo mwaka 2012. Mwaka 2022 wapiga kura zaidi ya 1,600 waliipa nafasi ya kwanza Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, filamu ya saa zaidi ya tatu inayomwonyesha mama mmoja wa Brussels akimenya viazi, akitandika kitanda na kuficha jambo. Katika 100 bora za mwaka huo Senegal ilipata nafasi mbili, Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty na La noire de… ya Ousmane Sembène. Afrika Mashariki haikupata hata moja.

Wamarekani nao wana orodha yao, na humo Uganda imo, kwa namna fulani. Mwaka 1998 Taasisi ya Filamu ya Marekani iliiweka The African Queen katika nafasi ya 17. Orodha ilipofanywa upya mwaka 2007 ikashuka hadi ya 65. John Huston aliipiga mwaka 1951, sehemu moja Kongo na sehemu nyingine Uganda, kwenye maji ya Ziwa Albert na jirani na maporomoko ya Murchison. Humphrey Bogart alipata humo Oscar yake pekee. Kisa kinachopendwa kusimuliwa kuhusu filamu hiyo ni kwamba kikosi karibu kizima kiliugua tumbo isipokuwa Huston na Bogart, kwa sababu wawili hao walikunywa wiski badala ya maji. Ni filamu ya kufurahisha, yenye wapendanao wawili wasiosahaulika. Lakini sisi tulichangia mto. Ukiingizwa kwenye orodha kwa ajili ya mto, mamba na watu wa kupita nyuma ya kamera, bado hujaingia.

(Malkia wa Katwe, ile ya Mira Nair ya 2016 kuhusu mchezaji sataranji Phiona Mutesi, ni afadhali zaidi, ingawa Kasese inabidi ielezwe kwanza. Huku ukitaja Katwe watu hufikiria ziwa la chumvi, si mtaa wa Kampala.)

Tatizo jingine ni kubwa kuliko hilo. Wahakiki wa London hupigia kura filamu kama ilivyotoka mikononi mwa mwongozaji. Watu wengi wa ukanda huu hawakuziona filamu hivyo. Waliziona katika kibanda cha video, kwenye benchi, jenereta ikinguruma nje, na juu ya sauti za waigizaji kukawa na sauti ya mtu mmoja anayetafsiri, anayewabatiza wahusika majina mapya, anayemcheka adui na kumwonya shujaa. Tanzania ilikuwa na Lufufu. Kenya inaye DJ Afro. Uganda ina VJ Jingo, VJ Junior na wenzao wengi. Wala si jambo la juzi: kati ya 1935 na 1937, wakoloni walipozungusha filamu za mafunzo Tanganyika, Kenya na Uganda katika mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, maneno yalichezwa kutoka kwenye santuri kwa lugha za wenyeji. Picha ilikuwa moja, sauti nyingi.

Sasa fikiria Bwera. VJ anatafsiri kwa Luganda, lakini mtazamaji ni Mkonzo, mwenye Lhukonzo nyumbani. Amepokea filamu ya Marekani kupitia lugha ya pili au ya tatu. Ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, upande wa Kasindi, jirani yake Mnande, ambaye lugha yake inaelewana na Lhukonzo, ameiona filamu hiyo hiyo ikizungumzwa Kifaransa. Siku ya soko wakikutana na kuzungumzia Commando ya Arnold Schwarzenegger, mmoja anakumbuka vichekesho ambavyo mwenzake hakuwahi kuvisikia. Picha zilezile, filamu mbili. Ipi ipigiwe kura?

Wapo wanaosema tafsiri hizo ni uharibifu, kwamba VJ anafunika kazi ya mwandishi na ya mwigizaji. Mara nyingi ni kweli. Lakini Uganda imetoa filamu moja inayovunja hoja hiyo. Isaac Nabwana, maarufu kama Nabwana IGG, aliitengeneza Who Killed Captain Alex? huko Wakaliga, Kampala, ikatoka mwaka 2010, kwa fedha ambazo inasemwa hazikufika dola 200 za Marekani. Bunduki zilikuwa za mbao na vyuma chakavu, helikopta zikachorwa kwa kompyuta. Nakala ya awali haipo tena. Iliyobaki, ambayo imetazamwa na mamilioni kwenye intaneti, ni ile yenye sauti ya VJ Emmie akishangilia na kutania tangu mwanzo hadi mwisho. Huwezi kumwondoa VJ ukabaki na filamu, kwa sababu hakuna nyingine. Kwa hilo peke yake Captain Alex inastahili nafasi katika orodha yoyote ya Afrika Mashariki, na anayeiacha nje aseme kwanza kwa nini kicheko cha watu hakihesabiki.

Hata hivyo kuna mahali kicheko hicho hukwama kooni, na Bwera ni mojawapo. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe na kuingia milimani. Kuanzia 1997 hadi 2001 Hifadhi ya Milima ya Rwenzori ilifungwa. Njia ya Nyakalengija ikakosa wageni. Waliokuwa wakiishi kwa kubeba mizigo hadi chini ya kilele cha Margherita wakarudi shambani, na wengi hata shamba hawakulifikia kwa sababu ya vita. Kisha, usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi haohao walivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo, mtutu wa mbao unaotema moto wa kompyuta hauchekeshi kila mtu.

Ndiyo maana filamu inayostahili kutajwa ya kwanza katika bonde hili ni nyingine kabisa. Joel Karekezi, Mnyarwanda mzaliwa wa Rubavu, aliipiga The Mercy of the Jungle nchini Uganda, ikatoka mwaka 2018. Hadithi yake iko mwaka 1998, vita vya pili vya Kongo vikianza. Askari wawili wa Rwanda, Sajenti Xavier mzoefu na Faustin kijana, wanaachwa nyuma na kikosi chao na kupotelea msituni. Wana njaa, kiu na maradhi, na kila mtu wanayekutana naye anaweza kuwa adui. Mwaka 2019, tamasha la FESPACO la Ouagadougou likiadhimisha miaka 50, filamu hiyo ilipewa tuzo kuu, Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, na Marc Zinga, aliyemwigiza Xavier, akatangazwa mwigizaji bora wa kiume.

Mwaka 1998 ndio mwaka ambao lango la Nyakalengija lilikuwa limefungwa. Mwenye umri wa miaka 50 hapo leo hahitaji kuelezwa askari aliyepotea anatembeaje, au kijiji kinafikiri nini kinapomwona. Karekezi hakumpa mtazamaji shujaa. Alimpa wanaume wawili wenye hofu wanaoanza kujiuliza wametumwa na nani na kwa faida ya nani, na akaacha miti ijibu. Filamu za vita za Hollywood zinazojaza vibanda humaliza maadui kwa mamia. Hii inahesabu mtu mmoja mmoja. Msitu wake si mandhari kama mto wa Huston. Unaficha, unaponya na unaua, na watu wa mlimani wanaujua kwa tabia zote tatu.

Kuna kasoro, na ni kubwa: Bwera haijaiona. Filamu ilizunguka kwenye matamasha, na sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni Kifaransa. Kisa kilekile kimeipata Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuzungumza Kiswahili cha Zanzibar ya miaka ya 1950. Ilifika Toronto mwaka 2021 kabla ya kufika vibanda vingi vya Afrika Mashariki. Kenya, Nairobi Half Life ya 2012 ilibahatika zaidi, kwa sababu vijana wa mjini waliikuta inaongea kama wao.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya hiyo. Malori yanapita Mpondwe mchana kutwa. Filamu zinapita pia, ndani ya flashi na simu, lakini ni za Marekani, India na Nigeria zaidi kuliko za jirani. Kabla ya jopo lolote kukaa Arusha au Kampala kutangaza filamu 10 bora za ukanda huu, mtu ampe Karekezi haki yake kwa mkataba na malipo, kisha atafute VJ hodari, amkalishe mbele ya The Mercy of the Jungle, na kumwomba aisimulie kwa Kiswahili bila utani mwingi.

Kwa Kiswahili kipi, cha Unguja au cha Kasindi, hilo Bwera na Kasindi watalibishania peke yao, na hawatamaliza jioni moja.