Kutu Juu ya Kifaru cha Plastiki

Wengi hudhani kwamba kuchakaza mfano wa kifaru cha vita ni kuupaka matope tu. La hasha! Tuchukue T-34 cha Kisovieti, kilichoanza kuundwa viwandani mwaka 1940, chenye upana wa mita 3. Kwa kipimo cha 1:35, upana huo huwa takriban milimita 86. Basi mkwaruzo wa milimita 1 juu ya mfano ni sawa na milimita 35 kwenye kifaru chenyewe. Ndiyo maana fundi hutumia brashi nyembamba mno, na kila alama huipa sababu: rangi hubanduka askari wanapokanyaga, minyororo hung'aa inaposuguana na ardhi, kutu hushika maji yanapotuama. Alama isiyo na sababu ni uongo, hata ikipendeza.