Zabibu ya Dodoma Hailali

Ukiuliza zabibu ilifikaje Dodoma utajibiwa kwa neno moja: wamisionari. Ni kweli. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Bihawana, nje ya mji, katika miaka ya 1950. Misa haiendi bila divai. Ila jibu hilo halielezi kwa nini kaya za Wagogo, waliozoea ng'ombe, uwele na mtama, zilichukua vipando vya wageni na kuvirithisha wanao huko Mpunguzi, Hombolo na Makutupora.

Tuanze na mvua. Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, takriban zote kati ya Desemba na Aprili. Mahindi yakikosa mvua wiki tatu, basi tena. Mzabibu una mizizi ya kwenda chini, na ukishakomaa unaishi miaka mingi.

Halafu kuna mkasi. Ulaya baridi huulaza mzabibu, nao huamka mara moja tu kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo mkulima ndiye majira yenyewe: akipogolea, macho yaliyobaki kwenye matawi huchipua, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Ndiyo maana hapa huvunwa mara mbili, karibu na Machi na tena Agosti au Septemba. Mavuno hayo si mapacha. Ya masika huandamwa na ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, na dawa hula fedha. Ya kiangazi hupendwa kwa sukari yake. Mwenye maji ya kumwagilia amemzidi jirani yake kwa mbali.

Mpaka hapo mambo ni mazuri. Tatizo ni kwamba zabibu iliyoiva haina subira. Mahindi utayaweka ghalani ukingoja bei. Zabibu ya mvinyo ukiichelewesha siku chache inaoza mikononi mwako, na mnunuzi analijua hilo kuliko wewe. Kwa maoni yangu, historia ya shamba la familia Dodoma ni historia ya mnunuzi zaidi kuliko ya udongo. Kiwanda kikinunua, watu hupanda. Kikisita, mizabibu huachwa ikamezwa na magugu.

Ndipo ukaja mchuzi wa zabibu (anayecheka jina hilo hajawahi kulala na tani ya zabibu bila mteja). Mkulima hukamua, huchachusha, kisha huhifadhi kwenye matangi hadi kiwanda kihitaji. Tangi limempa kile ambacho ghala humpa mkulima wa mahindi, yaani muda. Lakini tangi lina gharama, na mchuzi ukiingia hewa hugeuka siki.

Serikali nayo imeusogeza mzani kwa kodi: mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini hutozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko ule wa zabibu za nje. Bila tofauti hiyo, kiwanda kingeweza kuagiza mvinyo kwa wingi na kuufungasha hapa.

Sasa amefika mnunuzi mwingine, naye hataki zabibu. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kweli mwaka 2016, mji umetanuka na bei ya ardhi imepanda. Baba aliyengoja miaka miwili apate tunda la kwanza anaulizwa na wanawe kwa nini shamba lisipimwe viwanja.