Wima wa Spindo na Uso wa Ubao

Alasiri moja, katika karakana ya useremala iliyo kando ya njia ya Ukunda kwenda Diani, niliitwa kutazama uso wa meza ya mwembe uliokuwa umesawazishwa mchana kutwa na ruta ya CNC, yaani ile mashine ndogo ya kuchonga mbao ambayo mwendo wake huongozwa na kompyuta. Adhuhuri ubao ule ulionekana safi; lakini jua lilipoinama likapenya dirishani, uso mzima ulidhihirisha mistari iliyofuatana mfano wa mchanga wa pwani maji yakishakupwa, na ukucha ukipitishwa juu yake ulikwama, ta, ta, ta, kila baada ya milimita 20. Kijana mwenye mashine alikuwa amekwisha nunua kisu kipya kwa kudhani kile cha kwanza ni butu. "Fundi," akaniuliza, "na hiki nacho kibovu?" Nikamjibu, "Kisu hakina kosa, mwanangu. Kilichoinama ni spindo."

Spindo ni ule mhimili unaokishika kisu na kukizungusha. Madhali kisu cha kusawazishia kina uso bapa chini yake, spindo ikilala upande mmoja, ukingo mmoja wa kisu hushuka na wa pili hupanda. Natuseme imelalia kulia kwa milimita 2 katika kila milimita 200, kiasi ambacho ni nadra jicho kukitambua: mashine ikisafiri mbele na nyuma, na kila mpito ukiwa milimita 20 kando ya mwenziwe, basi kila mpito utaacha kidaraja cha milimita 0.2, unene wa karatasi mbili za kuandikia. Ikiwa imelalia mbele au nyuma, haiachi kidaraja bali kijifereji, ambacho katikati kina kina na kandoni kimepanda. Msasa huweza kuyafuta haya kwa jasho jingi, lakini mbao mbili zilizochongwa hivyo zikigandishwa kwa gundi hazishikani barabara.

Kijana yule alikuwa amekwisha jaribu tiba moja: aliweka pimamaji ubavuni mwa spindo, akaikaza ilipoonyesha wima. Kosa hili ni la wengi, na sistaajabu, maana limezaliwa na elimu njema. Mwashi husimamisha ukuta kwa timazi, na timazi huelekea ardhi, kwa kuwa ukuta umesimama juu ya ardhi. Mashine haina habari na ardhi. Kisu chake husafiri juu ya reli, na wima unaotakiwa ni wima wa spindo kwa uwanda unaochorwa na mwendo wa reli hizo, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Hata mashine nzima ikiwa imeinama, ubao utatoka sawa. Mwenye kutaka mfano na afikiri habari za mashua inayoundwa juu ya mchanga wa Gazi au Msambweni, ambako pwani yenyewe ni mteremko: mataruma ya kushoto na ya kulia hulinganishwa kwa mkuku, si kwa upeo wa bahari, na chombo kikashuka majini kikaelea sawasawa.

Kwa hiyo kazi haianzii kwenye spindo. Kaza kwanza bolti zote za fremu, kisha tandika kioo kinene mezani. Spindo ikiwa imezimwa, funga geji ya saa, yaani kipimo chenye ncha na mshale, kwenye kibebeo chake, ncha iguse kioo, na uiendeshe mashine taratibu pande zote nne. Mshale ukitulia, kioo ki sambamba na njia. Ukicheza, tia karatasi chini ya kioo hata utulie. Hatua hii aghalabu hurukwa, nami naiona kuwa ndiyo kubwa kupita zote, maana geji inayozungushwa juu ya kioo kilichoinama itashuhudia uwongo, na fundi ataipinda spindo iliyokuwa nzima.

Hapo tena chomoa waya wa umeme wa spindo. Badala ya kisu, koleti, yaani kibano cha spindo, ishike mkono wa chuma wenye geji, milimita 100 kutoka kitovuni, nawe uuzungushe kwa mkono ukisoma kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Tofauti ya kushoto na kulia huondolewa kwa kulegeza bolti za kibebeo na kukigeuza kidogo. Ile ya mbele na nyuma hutaka kabari: kwa kijana wetu kioo kilisomeka mbali zaidi upande wa mbele kwa milimita 0.2, dalili kwamba spindo imetokeza mbele kwa upande wake wa chini, na kwa kuwa bolti za juu na za chini ziliachana kwa milimita 80, hesabu ilikuwa 0.2 mara 80 kugawa kwa 200, yaani 0.08. Kipande cha kopo la soda, ambacho unene wake ni kama milimita 0.1, kilitiwa nyuma ya bolti za juu, tukakaza, tukapima tena, maana kukaza nako husogeza. Asiye na geji na apinde waya mnene, apitishe karatasi chini ya ncha yake kila upande; si kipimo kamili, lakini kinafaa.

Ubao wa MDF, yaani ule wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, unaotandikwa mezani chini ya kazi husawazishwa baada ya haya, wala si kabla. Tuliirudia meza ya mwembe jioni ile ile, na ukucha ukapita bila kukwama. Lakini MDF hunywa unyevu ikavimba, na pwani yetu masika ni marefu. Basi nawasihi wenye mashine hizi kutoka Diani hata Msambweni, mvua ya mwezi wa Juni ikipungua, wapime upya kabla ya kufunga ubao wa mteja.