Kata, Ndoo na Uti wa Mgongo: Somo la Mwendo katika Nyanda za Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kwenye kimo cha mita 1,800 hivi, ilhali Ziwa Rukwa liko chini yake kwa karibu mita 1,000. Katika nchi ya namna hiyo, ambako maji, kuni na mavuno bado huchukuliwa kwa sehemu kubwa na binadamu mwenyewe, ufundi wa kutembea na mzigo si jambo dogo. Ufundi huo hauna kitabu, lakini hufundishwa. Msichana huanza kwa kopo la maji, kisha sufuria ndogo, na baada ya miaka kadhaa ndoo ya lita 20. Hufundishwa kusokota kata na kuiweka utosini. Mama au dada anayemwongoza hasemi mengi: humtwika, humgusa shingo, humwambia atazame njia badala ya kutazama miguu.

Je, mafunzo hayo yana faida inayoweza kupimwa? Swali hilo lilichunguzwa nchini Kenya na kundi la wanasayansi, miongoni mwao G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na matokeo yakatangazwa mwaka 1986 katika jarida la Nature. Walipima oksijeni iliyotumiwa na wanawake wa Kijaluo, wabebao kichwani, na wa Kikikuyu, wabebao mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Ilionekana kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo ulio sawa na asilimia 20 ya uzito wa miili yao pasipo kuongeza matumizi ya oksijeni. Mwenye kilo 60, basi, alibeba kilo 12 kana kwamba hakubeba kitu.

Sababu yake ilielezwa mwaka 1995, na msomaji aliyekwisha kusoma habari za pendulamu ataielewa mara moja. Mtu anapotembea, kiwiliwili hupanda juu ya mguu uliokanyaga, kisha hushuka mbele yake. Kinapopanda hupungua mwendo, na kinaposhuka huongeza mwendo. Yaani nishati ya kimo na nishati ya mwendo hubadilishana. Katika watu wengi ubadilishanaji huo huokoa kiasi kisichozidi asilimia 65 ya nishati, na misuli hulipia iliyobaki. Wanawake waliopimwa waliokoa sehemu kubwa zaidi kila walipotwikwa mzigo wa kadiri. Siri, kwa hiyo, haikuwa katika nguvu za misuli bali katika mpangilio wa mwendo wenyewe.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kila kichwa cha Kiafrika kimepewa zawadi hiyo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010 kuhusu wanawake wa Kixhosa, Afrika Kusini, haukuona nafuu ya namna hiyo kwa jumla. Na miongoni mwa wachukuzi wa kuni wa Kongo, madaktari wameona uchakavu wa pingili za shingo. Mzigo ukizidi kadiri, ufundi hauwezi kufuta uzito. Ndoo ya lita 20 juu ya mtoto wa kilo 35 ni zaidi ya nusu ya uzito wake, na hapo kusifu mwendo wake mzuri ni kumdhulumu.

Hatari nyingine iko kabla ya kutembea, yaani wakati wa kuinua. Ndoo iliyojaa ina uzito wa nyutoni 200 hivi. Mtu akiinama na kuishika nusu mita mbele ya uti wa mgongo, momenti yake ni nyutoni-mita 100. Misuli ya mgongo huvuta kutoka umbali wa sentimita 5 tu nyuma ya egemeo. Yapasa basi ivute kwa nyutoni 2,000, sawa na uzito wa magunia mawili ya mahindi, tena bila kuhesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe. Ndoo ikisogezwa karibu hadi sentimita 25, gunia moja limeondoka. Mkulima mwenye jembe la mpini mfupi hukutana na hesabu hiyo kutwa nzima, na hapana shaka plau ya ng'ombe, iliyoenea sana Ufipa, imeokoa migongo mingi.

Mwanafunzi naye huinamia daftari saa nyingi. Mwalimu humwamrisha: "Nyoosha mgongo!" Hujikaza kama askari wa gwaride, na baada ya dakika mbili amekwisha kujikunja tena. F. M. Alexander, mwigizaji aliyezaliwa Tasmania mwaka 1869, aligundua kwa nini amri pekee haitoshi. Sauti yake ilipokuwa ikipotea jukwaani, alijitazama kwenye vioo na kuona kwamba kila alipotaka kusema alirudisha kichwa nyuma na kukaza shingo, hali yeye mwenyewe hakuhisi hivyo. Mazoea huifanya hali mbaya ihisiwe kuwa ndiyo ya kawaida. Kwa hiyo alifundisha kwa mkono, akimwongoza mwanafunzi anapoketi na kusimama, mpaka aache kujikaza kusikohitajika.

Mafunzo yake yalijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa 579 wenye maumivu sugu ya mgongo, na matokeo yakatolewa mwaka 2008. Baada ya mwaka mmoja, wasiofundishwa walikuwa na siku 21 za maumivu katika wiki nne. Waliopata masomo 6 walikuwa na siku 11, na waliopata masomo 24 siku 3.

Darasani yafaa kuanza kwa kitu chepesi. Mwanafunzi asiye na maumivu ya shingo awekewe daftari utosini, atembee hatua kumi akitazama sakafu, kisha kumi akitazama mbele, na wenzake waandike hatua ambayo daftari lilianguka. Halafu mwenzake amwekee kiganja chepesi nyuma ya shingo, bila kusukuma, naye arudie hatua zile zile ili tarakimu zilinganishwe.